Kabla hujapiga window, soma kilichoandikwa

Baba alinipigia simu Alhamisi usiku, saa ambayo kwa kawaida huwa ameshalala. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa haraka, kisha akaingia kwenye shida yake. Printa aliyonunuliwa na mdogo wangu ilikuwa imekaa mezani siku ya nne, na kompyuta ilikuwa imekataa kuipokea.

“Imekataa vipi, baba?”

“CD inasoma vizuri. Ule mstari wa kijani unatembea, unakaribia mwisho kabisa, halafu inatoa maandishi.”

“Yanasemaje?”

“Kiingereza kirefu na namba. Nimefunga.”

Nikamuuliza kama amejaribu tena. Amejaribu mara sita. Na mara zote sita yale maandishi yalipotokea aliyafunga, kwa sababu chini yake kulikuwa na kitufe kimoja tu cha kubonyeza, na kitufe kikikaa peke yake kwenye kioo mtu hukibonyeza. Siku ya tatu alimwita kijana wa mtaani anayetengeneza kompyuta. Kijana alitazama kwa dakika tano akasema mashine imechoka, Windows yenyewe imepitwa na wakati, dawa ni kupiga window, yaani kufuta Windows yote na kuiweka upya. Angekuja Jumamosi kuichukua.

Nikamwambia: “Baba, naomba asiichukue. Jumamosi nakuja mwenyewe.”

Nina sababu ya kuogopa maneno hayo mawili, kupiga window. Nimetunza kompyuta za ofisi kwa miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo nimeona yakitumika kama dawa ya kila ugonjwa. Programu imegoma kuingia, piga window. Printa haionekani, piga window. Mashine nzito, piga window. Kuna siku ni dawa kweli. Diski ikiwa imeharibika na kubadilishwa hakuna njia nyingine, na kirusi kikishaingia hadi kwenye uti wa mgongo wa mfumo, kusafisha kila kitu ni salama kuliko kubahatisha. Lakini mara nyingi zaidi ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu kitasa cha mlango kimekwama.

Mafundi wetu siwalaumu sana, maana najua hesabu yao. Kupiga window kuna bei inayojulikana na muda unaojulikana. Mteja anaacha mashine asubuhi, jioni anachukua, analipa. Fundi akikaa saa tatu anasoma ujumbe, akagundua kwamba tatizo lilikuwa mpangilio mmoja tu usio sahihi, mteja atamwambia, “Kwa hiyo umebonyeza hapo tu, unataka hela yote hii?” Watu wanalipia kazi inayoonekana. Kusoma hakuonekani. Ndiyo maana kazi ya kusoma inabaki kwetu sisi wenye mashine nyumbani.

Kompyuta ya baba ina historia. Ni ya mtumba, niliinunua Kariakoo mwaka 2016, ya mezani, yenye Windows 10 na kumbukumbu ya GB 4. Baba alikuwa ndiyo kwanza amestaafu ualimu, na alikuwa na kazi moja aliyoiahirisha miaka yote: kukusanya methali na vitendawili vya Kiluguru, kila moja na maana yake kwa Kiswahili, pamoja na maelezo ya nani alimwambia na wakati gani watu huitumia. Alichapa kila asubuhi baada ya chai. Alifika sura ya tano.

Halafu mwaka 2021 wakahama kutoka Mikese kuja Kihonda, Morogoro mjini. Mashine ikapakiwa kwenye pikapu pamoja na vitanda. Ilipowashwa Kihonda, kabrasha lake la nyaraka halikufunguka. Likaja tangazo, akalifunga. Mtu mmoja aliyejua kompyuta kidogo akamwambia mafaili yamefutika njiani kwa mtikisiko. Baba hakulalamika. Alininyamazia miezi miwili kabla ya kuniambia, na aliponiambia alikuwa ameshaanza upya, kwa kalamu, kwenye daftari za kurasa mia. Nakumbuka nilijibu, “Pole baba,” nikaendelea na kazi zangu za mjini. Sikupanda basi kwenda kuangalia. Hilo ni langu, na linaniuma hadi leo.

Sasa alitaka printa kwa ajili ya zile kurasa alizoanza kuzichapa upya, azipeleke kwa wazee wenzake wazisome na kuzisahihisha.

Jumamosi nilipanda treni ya umeme ya asubuhi. Kabla ya saa nne nilikuwa nimekaa mbele ya mashine, chai pembeni, baba amevuta stuli nyuma yangu.

Nilitaka kuanza kwa kupakua toleo jipya la programu ya printa kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji, kwa sababu CD inayokuja ndani ya boksi mara nyingi ina toleo la zamani. Nikawasha intaneti kwa simu, nikafungua kivinjari. Kila tovuti niliyoijaribu ilinikatalia, ikisema muunganisho si salama. Baba akasema, “Unaona? Hata mtandao haitaki.” Nikatazama kona ya chini kulia. Kwa mujibu wa kompyuta ile, tulikuwa tarehe 1 Januari 2010.

Hili ni moja ya matatizo ninayokutana nayo sana majumbani, na chanzo chake ni kitu kidogo kuliko sarafu. Kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ya karibu kila kompyuta ya mezani kuna betri ya duara ya volti 3, iliyoandikwa CR2032. Namba hizo ni vipimo vyake: milimita 20 upana, milimita 3.2 unene. Kazi yake ni kuitunza saa wakati mashine haina umeme. Ikiisha, kila ukichomoa waya ukutani saa inarudi kwenye tarehe aliyoiweka mtengenezaji. Na tovuti za siku hizi huonyesha hati ya utambulisho yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kivinjari kikiamini ni mwaka 2010, hati iliyotolewa juzi kwake ni hati ya mtu ambaye hajazaliwa. Kinaikataa, na kwa jinsi kilivyoelekezwa, kiko sahihi.

Kwetu betri hizi hufa mapema kwa sababu ya tabia tunayoifanya kwa nia njema: kila usiku tunachomoa waya tukiogopa umeme utarudi na nguvu uunguze vitu. Mashine ikiwa imechomekwa, hata ikiwa imezimwa, saa hutumia umeme wa ukutani. Ikichomolewa, betri ndiyo inayobeba mzigo peke yake usiku kucha. Simwambii mtu aache kuchomoa, maana nimeona mashine zilizoungua. Namwambia ajue tu kwamba betri ile itaisha, na kwamba dalili ya kwanza ni tarehe.

Baba akatuma mtoto wa jirani kwa fundi saa pale sokoni. Betri ilikuja ndani ya karatasi, shilingi elfu mbili. Nikachomoa waya wote, nikalaza sipiyu kwenye mkeka, nikafungua skrubu mbili za nyuma na kuvuta kava. Vumbi la miaka lilikuwa limeganda kwenye feni kama manyoya ya paka. Baba akaniangazia tochi ya simu yake. Betri iko pembeni, imebanwa na ulimi mdogo wa chuma. Unausukuma ulimi nje kwa ncha ya bisibisi, betri inaruka yenyewe. Unaweka mpya maandishi yakitazama juu, unabonyeza mpaka usikie imekaa.

Nikiwa bado nimeinama pale niliona kuna diski ya pili chini ya ile kubwa, ina waya wa umeme, lakini waya wa data, ule bapa mwekundu, umening'inia haujashika popote. Nikadhani ni diski mbovu iliyoachwa na mtu aliyekuwa na mashine kabla yetu. Nikapuliza vumbi, nikafunga.

Tarehe ikakaa sawa, tovuti zikafunguka. Nikaanza kupakua faili, na bando likakata katikati. Niliporudisha intaneti, kivinjari kilionyesha kwamba faili limekamilika, lakini nikilitazama lilikuwa dogo kuliko lilivyoandikwa kwenye tovuti, kama nusu yake. Nawaomba wanaopakua kwa bando la simu wazoee kulinganisha ukubwa. Faili lililokatika hufunguka kama zima, hutembea, kisha hufia katikati na kukupa ujumbe unaokupeleka mbali na ukweli. Tovuti nyingine huweka pia alama ya faili, herufi na namba 64 zinazoitwa SHA256. Kwenye Windows unafungua lile dirisha jeusi la amri, unaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, nalo linakuletea alama ya faili ulilonalo. Zikilingana, ulichonacho ndicho walichokitoa. Hata herufi moja ikitofautiana, futa upakue upya.

Nikapakua upya. Tovuti iliniuliza mashine ni ya biti 32 au 64. Hilo huonekana kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya kuhusu kompyuta. Yake ilikuwa 64. Kwa asiyejua: ukiona x86 kwenye jina la faili, hiyo ni ya biti 32, jina lililobaki kutoka kwa chipu ya Intel 8086 ya mwaka 1978, na x64 ndiyo ya biti 64. Programu ya biti 32 kwa kawaida hukubali kwenye Windows ya biti 64. Kinyume chake haiwezekani, na dereva wa printa, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, lazima alingane na mfumo.

Basi saa ilikuwa sawa, faili zima, aina sahihi. Nikabonyeza. Mstari wa kijani ukatembea. Baba akasogeza stuli. Ukafika karibu na mwisho, na yale maandishi yakatoka. Mkono wake ukaja mbele kuelekea kipanya, kwa mazoea tu, nikaushika.

“Ngoja, baba. Tusome.”

Hapakuwa hata na Kiingereza kirefu. Yalikuwa maneno machache tu: “Error 1327. Invalid Drive: E:\”

Nilipiga picha kwa simu kabla ya kufanya chochote. Hii ndiyo tabia ya kwanza ninayomfundisha kila mtu, hata asiyejua neno moja la Kiingereza. Picha haisahau, na namba haina lugha. 1327 ni 1327 Kihonda, Mombasa na Bujumbura. Mtu anayekwambia “imeandika error” hajakwambia kitu, maana makosa ni maelfu. Mtu anayekwambia 1327 amekupeleka mpaka mlangoni.

Namba hizi si za kubahatisha. Windows ina mtumishi wake wa kuingiza programu, na huyo ana orodha. 1618 maana yake kuna programu nyingine inaingizwa wakati huohuo, pengine sasisho linaloingia kimyakimya, kwa hiyo subiri. 1633 ni kwamba faili hilo si la aina ya mashine yako, ile habari ya 32 na 64. 1638 ni kwamba toleo jingine la programu hiyohiyo tayari limo. Ukiona 0x80070005, umenyimwa ruhusa, na mara nyingi inatosha kubonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kulifungua kwa mamlaka ya msimamizi. 0x80070070 ni diski imejaa. Kwa miaka yote hii bado nakutana na watu waliopigiwa window kwa sababu diski ilijaa video za harusi.

Ngumu ni 1603. Hiyo inasema tu kwamba kuingiza kumeshindikana vibaya, basi. Watu hukata tamaa hapo, na nawaelewa. Lakini mtumishi yule anaweza kuandika kila hatua anayopiga ukimwomba. Kama faili lako linaishia na msi, unalifungua kupitia dirisha la amri kwa msiexec /i, jina la faili, kisha /l*v na jina la faili la maandishi unalotaka aandikie. Litajaa maelfu ya mistari, usiogope. Tafuta ndani yake maneno “Return value 3”. Mahali yanapotokea kwa mara ya kwanza ndipo kazi ilipoanguka. Panda mistari michache juu yake, usome alikuwa anafanya nini. Nimetatua matatizo mengi namna hiyo, ya watu waliokuwa tayari wamebeba mashine mgongoni kuipeleka kupigwa window.

Na kuna hili la mafaili ya dll, vipande ambavyo programu nyingi huvitumia kwa pamoja. Unafungua programu mpya, inakwambia VCRUNTIME140.dll haipo. Kijana mmoja jirani yangu Tabata, mwanafunzi wa chuo, aliandika jina hilo kwenye intaneti, akaingia tovuti ya kwanza iliyomwahidi faili moja la bure, akalitia ndani ya Windows. Akaongeza na la pili, na la tatu. Wiki iliyofuata kivinjari chake kilikuwa kinafungua matangazo peke yake. Faili lile huja ndani ya kifurushi cha Microsoft kinachoitwa Visual C++ Redistributable, kinachotolewa bure na wenyewe, na kwenye mashine ya biti 64 ni vizuri kuweka cha x86 na cha x64 vyote viwili, kwa sababu programu za biti 32 nazo zinadai cha kwao. Usichukue kamwe dll moja moja kutoka kwa mtu usiyemjua. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona madhara yake.

Turudi kwa baba. “Invalid Drive: E:\” inasema kwamba programu inatafuta diski E na haioni. Lakini mimi nilikuwa naiingiza kwenye C. CD ilikuwa D. E ilitoka wapi?

“Baba, uliwahi kuwa na kitu kinaitwa E?”

Akafikiri. “Yule kijana aliyenifunga Windows kule Mikese, wakati mashine ngeni, alisema ameniwekea mafaili yangu pembeni ili Windows ikiharibika yasipotee. Sikumwelewa vizuri.”

Nilihisi kitu tumboni, lakini sikusema. Nikafungua rejista ya Windows, lile daftari ambamo mfumo unaandika mipangilio yake yote. Ni mahali pa kutazama kwa macho, mikono nyuma, kama hujui unachokifanya. Ndani ya mipangilio ya mtumiaji kuna sehemu inayoitwa User Shell Folders, inayoonyesha kila kabrasha la mtu liko wapi: picha, muziki, nyaraka. Programu nyingi zinapoingizwa huzipitia anuani hizo zote kuhakikisha zipo, hata kama hazitaweka kitu humo. Ikikuta moja inaelekeza kwenye diski isiyoonekana, kazi nzima inasimama. Nyaraka huandikwa hapo kwa jina la Personal. Mbele yake palikuwa na maneno haya:

E:\KAZI ZA MWALIMU

Baba aliyasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

Nikazima, nikachomoa, nikalaza tena sipiyu kwenye mkeka. Ule waya mwekundu ulikuwa unaning'inia palepale nilipouacha saa mbili zilizopita. Ulichomoka kwenye pikapu, mwaka 2021, na diski ilikuwa inapata umeme siku zote hizi, inazunguka kila asubuhi, bila njia ya kutoa ilichonacho. Niliushika ule waya nikauchomeka. Unaingia kwa upande mmoja tu, kwa sababu mdomo wake una umbo la herufi L. Baba alishika tochi kwa mikono miwili.

Tulipowasha, kabrasha la nyaraka lilifunguka lenyewe. Sura ya kwanza mpaka ya tano. Orodha ya wasimulizi na vijiji vyao. Na kabrasha la sauti nililokuwa nimelisahau kabisa: bibi, mama yake baba, amerekodiwa kwa simu mwaka 2018 akitega vitendawili, na kuku wakisikika uani. Bibi alifariki mwaka 2019.

Baba hakusema kitu. Aliinuka akaenda nje, nikamsikia anamwita mama. Walikuja wakakaa wote wawili, na kwa muda mrefu hatukugusa printa.

Kabla ya jambo jingine lolote nilinakili kila kitu kwenye fleshi mbili. Ilikuwa diski kuukuu, ilikuwa inatoa mlio mwembamba nisioupenda, na mafaili mawili ya sura ya tatu hayakukubali kufunguka kabisa. Hayo tumeyapoteza. Fleshi moja nilirudi nayo Dar, nyingine mama aliifunga kwenye leso akaiweka sandukuni. Kisha nikahamisha kabrasha la nyaraka kwenda diski C, kwa njia yake halali: unabonyeza kabrasha kwa kitufe cha kulia, unaingia kwenye sifa zake, sehemu ya mahali, unarudisha pa asili. Anuani kwenye rejista ikabadilika yenyewe, kwa hiyo hata ile diski ikifa kesho, programu hazitaihitaji.

Programu ya printa iliingia mara ya kwanza. Dakika nne.

Jioni yule kijana fundi alipita, alikuwa hajapata ujumbe kwamba asije. Nilimwonyesha picha ya ile 1327. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza niliisoma wapi ile habari ya anuani za makabrasha, akaomba nimtumie. Tulikaa kwenye kibaraza mpaka magharibi nikimweleza, naye akinieleza mashine anazoletewa na haraka za wateja wake. Ni kijana makini. Swali lake moja nimelibeba mpaka leo: kama angepiga window Jumamosi ile, ile anuani ya E:\KAZI ZA MWALIMU ingekwenda wapi? Ingefutika. Windows mpya ingeanza na makabrasha mapya kwenye C, printa ingeingia bila shida, baba angemshukuru na kumlipa. Ile diski ingeendelea kuzunguka gizani, na hakuna mtu duniani ambaye angekuwa na sababu ya kuitafuta.

Kuhusu Windows 10 kupitwa na wakati, kijana alikuwa na hoja. Microsoft waliacha kuihudumia rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya baba haina sifa za kupokea Windows 11. Hilo ni suala la usalama na tutalitafutia njia, pengine Linux, mfumo mwingine wa bure, maana anachohitaji ni kuchapa na kusikiliza. Lakini mfumo haugomi kuingiza programu ya printa eti kwa sababu huduma yake imeisha juzi. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya ndiko kulikokaribia kutugharimu.

Jambo jingine linalonikaa rohoni ni lugha. Baba amefundisha Kiswahili miaka zaidi ya thelathini. Ni mtu anayesoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Kwa nini mtu kama huyo afunge maandishi bila kuyasoma? Kwa sababu alishazoea kwamba maandishi ya kwenye kioo si yake, yanaongea na watu wengine. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye Kiswahili mpaka kwenye vitufe. Microsoft nao baadaye walileta sura ya Kiswahili kwenye Windows. Njia ilishafunguliwa, basi. Lakini mashine za mtumba zinakuja na Kiingereza, anayeziandaa anaziacha hivyo, na mtumiaji hajui kwamba anaweza kudai lugha yake. Mimi mwenyewe, ninayejua, sikuwahi kuibadilisha ya baba. Jumapili asubuhi kabla ya kuondoka niliibadilisha. Si kila kitu kimegeuka Kiswahili, ujumbe mwingi wa programu za watu wengine bado unabaki Kiingereza. Lakini menyu sasa inasema Mipangilio, na nilimwona akitabasamu alipoisoma.

Wiki mbili baadaye simu ililia, saa tatu usiku.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Nina kalamu hapa, nimeandika. Nilikuwa naweka ile programu ya kusikilizia sauti uliyonielekeza. Imeleta kosa. Sijafunga.”

“Linasemaje?”

“Elfu moja mia sita na kumi na nane. Halafu linasema another, installation, is...”

“Inatosha baba, nimeshajua. Kuna kitu kingine Windows inakiweka kimyakimya. Kiache kimalize. Subiri kama robo saa ujaribu tena.”

“Nasubiri hapahapa,” akasema, na wakati tunasubiri akaanza kunisomea kitendawili cha bibi alichokuwa amekinakili kutoka kwenye sauti jioni ile, kimoja ambacho hakuwahi kukisikia kwa mtu mwingine yeyote.